Chanjo iliyoganda si chanjo bora

Hapa Bukavu wengi huamini kwamba baridi kali haiharibu chanjo. Imani hiyo ina chanzo: chanjo ya polio ya matone hugandishwa kweli. Lakini ya pepopunda ina chumvi ya alumini, inayousaidia mwili kujenga kinga imara. Ikiganda, chembe hushikamana, nguvu hupungua, na kuyeyusha hakurudishi kitu. Chanjo hiyo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Muuguzi akiwa na shaka kwamba chupa iliganda, hugandisha makusudi chupa nyingine ya toleo lileile, huiyeyusha, hutikisa zote mbili, huziacha zitulie. Yenye shaka ikituama upesi kama ile iliyogandishwa, haitumiwi.

Mama, omba kwa heshima uonyeshwe kipimajoto cha frigo; ni haki ya mtoto wako. Alama ya duara kwenye chupa huonyesha joto tu, si kuganda.