Kabla ya thieta na baada ya thieta: maswali kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

Karibu kila anayefikiria upasuaji huu huanza kwa kuuliza bei. Anatajiwa gharama ya Nairobi au Dar es Salaam, anailinganisha na ya India pamoja na tiketi, kisha anaanza kutafuta fedha. Kinachosahaulika kwenye hesabu hiyo ni vitamini za kila siku maisha yote, vipimo vya damu vya kila mwaka, na samaki, mayai na maziwa yatakayochukua nafasi ya sahani ya ugali. Mtu asiyeweza kumudu hayo bado hajawa tayari, hata kama hela ya thieta anayo mkononi. Majibu ya hapa chini ni ya jumla. Dozi na tarehe zako utapewa na daktari anayekutibu.

Puto na upasuaji si kitu kimoja?

Hapana, ni vitu viwili tofauti. Puto, kama lile linalowekwa Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, hushushwa kupitia mdomoni hadi kwenye mfuko wa tumbo, kisha hujazwa maji ya chumvi. Hakuna kinachokatwa. Hukaa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, halafu hutolewa. Mara nyingi maji yake hutiwa rangi ya bluu ili puto likivuja mkojo ubadilike rangi na mwenyewe awahi hospitali.

Upasuaji wenyewe una aina mbili zinazofanywa zaidi. Slivu hukata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba na mrefu kama ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Baipasi hutengeneza kijifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, kwa hiyo chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hupunguza kiasi unachokula na pia hubadilisha homoni za njaa, ndiyo maana watu wengi hushangaa kwamba hamu yenyewe ya kula imepungua. Mwenye kiungulia kikali mara nyingi hushauriwa baipasi, kwa sababu slivu inaweza kukizidisha.

Nina kilo 100. Nafaa?

Kilo peke yake hazisemi kitu. Gawanya uzito wako kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ndilo BMI. Mwenye kilo 100 na urefu wa mita 1.60 ana BMI ya 39. Mwenye kilo hizohizo na mita 1.85 ana 29, na huyo hahitaji kisu.

Vigezo vya Marekani vya mwaka 1991, vilivyofuatwa duniani kwa miaka mingi, vilitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza: 35 inatosha hata bila maradhi, na kuanzia 30 mtu anaweza kufikiriwa akiwa na kisukari cha aina ya pili au maradhi mengine yanayotokana na uzito.

Mbona vipimo vingi hivyo kabla? Nahisi hospitali inatafuta pesa.

Shaka hiyo naielewa, lakini hapa vipimo vina kazi. Kamera ya tumboni hutafuta vidonda na bakteria wa *Helicobacter pylori*, ambao hutibiwa kwanza. Utrasaundi huangalia ini na vijiwe vya nyongo. Damu hupimwa sukari, wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D, maana anayeingia thieta akiwa tayari amepungukiwa atatoka akiwa na upungufu mkubwa zaidi. Wanawake hupimwa mimba. Moyo hupimwa. Anayekoroma sana, akikatika pumzi usingizini na kuamka amechoka, huchunguzwa usingizi wake, kwa kuwa hali hiyo huongeza hatari ya dawa ya usingizi.

Kisha kuna mazungumzo na mwanasaikolojia, ambayo watu huyakwepa wakidhani wanaonekana wamechanganyikiwa. Anachotaka kujua ni kama unakula kwa sababu ya njaa au kwa sababu ya huzuni, kama kuna pombe nyuma yake, na nani atakuwa nawe nyumbani. Kwa mtazamo wangu hicho ndicho kipimo kisichofaa kurukwa hata kidogo.

Sigara iachwe angalau wiki 6 kabla. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vitajwe mapema, kwani huongeza hatari ya damu kuganda na huenda ukaambiwa uvisitishe. Taja pia dawa za miti shamba na vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi, hata kama unaona aibu. Vingine hufanya damu isigande upesi.

Kwa nini nile chakula kidogo wiki mbili kabla, wakati upasuaji wenyewe ndio utanipunguza?

Kwa ajili ya ini. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa ini huwa limejaa mafuta na limevimba, nalo limelalia juu ya mfuko wa tumbo hasa pale daktari anapotaka kufikia. Wiki 2 za kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, zenye wanga kidogo, hulisinyaza. Kwa lugha ya jikoni: ugali, wali, chapati, mihogo, soda na chai ya sukari vinapumzika, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, mboga za majani na mtindi usio na sukari vinabaki. Ini likiwa limekataa kusogea, daktari anaweza kulazimika kupasua tumbo kwa mkato mrefu au kuahirisha.

Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asianze mlo huu kimyakimya. Dozi ya zamani juu ya chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi akazimia. Dapagliflozin na empagliflozin, ambazo nazo ni dawa za kisukari, husimamishwa siku 3 au zaidi kabla ya upasuaji, kwa maelekezo ya daktari.

Siku yenyewe ikoje?

Fupi kuliko watu wanavyoogopa. Kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo, saa moja hadi tatu, na mgonjwa hukaa wodini siku 1 hadi 3. Jioni ileile utaamshwa utembee, hata kama unasikia maumivu, kwa sababu damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni ni miongoni mwa mambo yanayoua baada ya upasuaji huu. Vifo ni vichache, kama mmoja kwa kila watu 1,000 kwenye vituo vyenye uzoefu. Muulize daktari wako bila woga amefanya upasuaji huu mara ngapi.

Mama mkwe amekuja kuniuguza. Ananipikia mtori na supu ya makongoro nipate nguvu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Mshirikishe kabla hujalazwa, ikiwezekana aje kliniki asikie kwa mtaalamu wa lishe mwenyewe. Akisikia kutoka kwake, hataona kama unakataa mkono wake.

Ratiba huwa karibu hivi. Siku moja au mbili za mwanzo ni vimiminika vyepesi: maji, supu iliyochujwa na kuondolewa mafuta. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vizito kidogo kama maziwa, mtindi wa kunywa na supu laini. Wiki ya 3 na ya 4 ni vilivyosagwa: samaki, maharage, kuku, mayai. Wiki ya 5 na ya 6 ni vyakula laini vya kuponda kwa uma. Baada ya hapo unarudi taratibu kwenye chakula cha kawaida, kwa vijiko vichache.

Makongoro yana mafuta mengi mno kwa siku za mwanzo. Mtori laini unaweza kuingia katika hatua ya vyakula vilivyosagwa, ila ndizi ni wanga, na kidonda hupona kwa protini. Lengo ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, samaki wa gramu 100 karibu 20. Kikombe cha uji mtupu wa sembe kina gramu 2 au 3 tu, na hapo ndipo wagonjwa wetu wengi hukwama: wanaishi kwa uji mwezi mzima, uzito unashuka, kila mtu anashangilia, kumbe misuli ndiyo inayoyeyuka. Kama ni uji, upikwe kwa maziwa. Kama ni mtori, nyama isagiliwe humo na iwe nyingi kuliko ndizi.

Kula polepole, tafuna sana, acha ukihisi kifua kinabana. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Ugali, mkate laini na chapati huwasumbua watu kwa miezi mingi kwa kuwa hujifinyanga na kukwama.

Ni dalili gani zinanitaka nirudi hospitali usiku huohuo?

Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kuishiwa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au kupata choo cheusi. Mapigo ya kasi peke yake yanatosha. Mshono unaovuja ndani wakati mwingine hauoneshi kingine mwanzoni.

Kutapika kwa siku kadhaa nako si jambo la kuvumilia. Humaliza vitamini B1, na ukosefu wake huharibu ubongo: macho kuona mbilimbili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Ukipelekwa zahanati iliyo karibu, waambie kabla ya dripu ya glukosi kwamba umefanyiwa upasuaji huu, ili upewe B1 kwanza.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha kweli?

Ndiyo, hasa kwa baipasi. Multivitamini, kalsiamu ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku kwa mafungu, vitamini D, B12 ya kumeza au sindano ya kila mwezi, na madini ya chuma, zaidi kwa wanawake wanaopata hedhi. Chuma na kalsiamu vipishane saa mbili. Na chai ya rangi isishushie kidonge cha chuma, kwa sababu hukizuia kufyonzwa. Najua chai ndiyo hushushia kila kitu kwetu.

Jambo moja ambalo maelekezo mengi kutoka nje huliacha: anayetumia ARV zenye dolutegravir, ambazo ndizo za kawaida Afrika Mashariki, asizimeze pamoja na kalsiamu au chuma. Azimeze saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, la sivyo dawa hufungwa tumboni na virusi hupata nafasi. Mwambie daktari wa upasuaji hali yako. Ni siri ya kazi yake.

Baada ya baipasi, diklofenaki, yaani diklopa ya mtaani, na ibuprofen ni za kuepukwa, maana huchimba vidonda kwenye kiungio kipya. Maumivu ya kawaida yatosheke na paracetamol. Dawa za presha na sukari zipimwe upya mapema. Sukari huweza kushuka ndani ya siku chache tu.

Shangazi anataka kunifunga mkaja ili ngozi isilegee.

Mwambie ngozi italegea vilevile, na vidonda vibichi havitaki kubanwa. Mkanda utumike tu kama daktari ameutoa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Isibebwe kwa wiki 6.

Nywele zinatoka kwa mafungu!

Huanza mwezi wa tatu hivi, hudumu miezi michache, kisha huota. Kagua protini na madini ya chuma, na weka akiba hela ya mafuta ya miujiza.

Nimetafuta mtoto miaka. Nikipungua, nianze mara moja?

Subiri miezi 12 hadi 18. Uzito ukishuka yai huweza kupevuka mapema kuliko unavyotarajia, kwa hiyo wengi hushika mimba mwili ukiwa bado unapukutika. Vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea baada ya baipasi. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Ukija kupata mimba, wajulishe kliniki ya wajawazito. Kile kipimo cha sukari cha kunywa glukosi hakifai kwa aliyefanyiwa baipasi; kuna njia nyingine za kupima.

Assalaam aleikum. Ramadhani ijayo nitakuwa na miezi mitatu tangu upasuaji. Naweza kufunga?

Waaleikum salaam. Hukumu ya dini muulize sheikh wako, lakini kwa upande wa mwili fanya hesabu. Unahitaji lita moja na nusu ya maji. Ukiweza kunywa mililita 60 kila robo saa, itakuchukua zaidi ya saa 6, na katika usiku huohuo ule futari na daku, usubiri nusu saa kila baada ya kula, usali na ulale. Katika mwezi wa tatu hailingani. Madaktari wengi hutaka mwaka upite kwanza. Utakapofunga, kuwa mwangalifu na tende na juisi wakati wa kufuturu: sukari nyingi ikimwagikia utumbo ghafla huleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kuharisha.

India ni nafuu. Niende?

Wapo wazuri huko, kama walivyopo hapa. Kabla hujalipa, tafuta kwanza daktari wa nyumbani atakayekubali kukupokea ukirudi, maana kuvuja, vijiwe vya nyongo na upungufu wa damu havitangojea visa. Usipande ndege mpaka aliyekupasua aseme. Hatari ya damu kuganda hudumu wiki kadhaa na safari ni ndefu. Rudi na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa aina yake na tarehe, na nakala yake iwe kwenye simu ya mtu unayeishi naye.