Kigeuzi cha kibodi ni nini, na kwa nini adapta peke yake haitoshi

Kigeuzi cha kibodi ni kifaa kidogo chenye chipu, kinachokaa kati ya kibodi ya zamani na kompyuta ya leo. Kinapokea ishara ambazo kibodi ilitengenezwa kuzituma miaka ya 1980 au 1990, kinazisoma, kisha kinaipa kompyuta taarifa hiyohiyo kwa utaratibu wa USB. Kifaa kisicho na chipu, chenye plagi upande huu na tundu upande wa pili, ni adapta tu. Adapta inabadilisha umbo la plagi, basi.

Watu wengi hupoteza hela hapa. Mtu anapata kibodi nzito ya zamani kwenye mtumba wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, ananunua kile kichwa kidogo cha zambarau cha kuunganisha PS/2 (plagi ya mviringo ya kibodi za zamani) na USB, anachomeka, kimya. Anahitimisha kwamba kibodi imekufa. Mara nyingi ni nzima kabisa. Kile kichwa kinafaa tu kwa kibodi zilizoundwa kufuata taratibu zote mbili, PS/2 na USB. Kibodi ya mwaka 1989 haiwezi kuwa mojawapo, maana USB yenyewe ilitoka 1996.

Mkalishe mzee wa Rungwe asiyejua ila Kinyakyusa kando ya mzee wa Kalenga asiyejua ila Kihehe. Kuwabadilishia viti hakutawafanya waelewane, anatakiwa mkalimani.

Tazama kinachopita ndani ya waya. Kibodi ya PS/2 inatumia nyaya nne: umeme wa volti 5, ardhi, waya wa data na waya wa mapigo ya saa. Ukibonyeza herufi A, kibodi inatuma papo hapo msimbo 1C, biti moja baada ya nyingine. Ukiiachia, inatuma F0 ikifuatwa na 1C. Inasema yenyewe bila kuulizwa. USB ni kinyume: kompyuta ndiyo inayouliza, tena na tena, na kibodi hujibu kwa kutaja vitufe vilivyobonyezwa wakati huo, ambapo A hutajwa kwa namba 04. Kwa hiyo kigeuzi kina kazi mbili. Kinabadilisha misimbo, na pia kinakumbuka vitufe gani bado vimeshikiliwa, ili kikiulizwa kiwe na jibu.

Umbo la plagi nalo hudanganya. Kibodi za kompyuta za IBM PC na XT, kuanzia 1981, zina plagi nene ya mviringo yenye pini tano. Za AT, za 1984, zina plagi hiyohiyo lakini utaratibu mwingine: ya XT inatuma tu, ya AT inatuma na kupokea amri kutoka kwenye kompyuta. Kisha mwaka 1987 ikaja PS/2 yenye plagi nyembamba ya pini sita, ila utaratibu ukabaki ule wa AT. Ndiyo maana kutoka AT kwenda PS/2 adapta ya umbo inatosha, na kutoka XT kwenda popote pale haitoshi. Kibodi ya asili ya XT utaitambua kwa vitufe vyake 83 na kukosa taa za Caps Lock na Num Lock. Nyingine za kampuni tofauti zina swichi ndogo chini iliyoandikwa XT na AT. Igeuze ielekee AT kabla hujaikatia tamaa.

Kigeuzi si lazima ukiagize. Kibao kidogo cha Pro Micro chenye chipu ya ATmega32U4, toleo la volti 5, kikiwekewa programu ya bure ya QMK au TMK kinakuwa kigeuzi kamili, na kuunga nyaya nne kwa risasi ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, mwenye ari ataimudu. Raspberry Pi Pico ni nzuri pia, lakini pini zake ni za volti 3.3, hivyo usiiunganishe moja kwa moja na ishara za volti 5.

Faida nyingine iko kwenye hiyo programu. IBM Model M, kibodi ya mwaka 1985 ambayo kila kitufe chake kina springi yake, matoleo yake ya zamani hayana kitufe cha Windows. Ndani ya kigeuzi unaweza kuamuru Caps Lock ifanye kazi hiyo, na mpangilio huo utabaki hata ukihamia kompyuta nyingine. Kwa mchapaji wa stesheneri anayeandika barua na mikataba kutwa nzima, kibodi ya namna hiyo ni chombo cha kazi hasa: kidole kinahisi pale herufi inapoingia, na vifuniko vya vitufe vinatoka, vikaoshwa vumbi la kiangazi la Mbeya.

Kama kompyuta yako bado ina tundu la PS/2, izime kwanza ndipo uchomeke. Tundu hilo halikuundwa kwa kuchomeka na kuchomoa umeme ukiwa unapita. Na kibodi kongwe hula umeme zaidi ya za sasa, hivyo taa zikiwaka na kuzimika ovyo, jaribu tundu jingine la USB au habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye umeme wake.