Hizo si dawa za kifua, mama

Mimi ni mshauri katika shirika dogo la hisani linalohudumia watoto wenye VVU hapa Pemba. Siku za kliniki hukaa na kina mama na mabibi wakisubiri dawa. Wanayoniuliza hayabadiliki, basi nimeyaandika.

VVU na UKIMWI ni kitu kimoja?

Hapana. VVU ni virusi vyenyewe. UKIMWI ni pale kinga ya mwili imeshalemewa na maradhi yanaingia bila hodi. Mtoto anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, vizuri anaweza kuzeeka na VVU asiuone UKIMWI. Wengi wa watoto wetu waliambukizwa na mama zao: tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya.

Hiyo "saikolojia chanya" mnayowafundisha watoto ni nini?

Ni elimu ya nafsi inayotazama kinachomfanya mtu asimame, si kilichomwangusha tu. Martin Seligman wa Marekani ndiye aliyeipigia debe tangu 1998. Watoto wetu wakikutana, kila mmoja hutaja mambo matatu mazuri yaliyompata na sababu zake. Mmoja atasema amemfunga kaka yake kwenye bao, mwingine amemaliza juzuu chuoni. Mwenzake Seligman, Charles Snyder, alieleza kwamba tumaini lina lengo, njia na nia ya kuifuata. Kwa hiyo mtoto akisema anataka kuwa nahodha wa meli, hatumpigii makofi tu. Tunamuuliza: ukiwa baharini siku tatu, vidonge vyako utaviweka wapi?

Basi akiwa na furaha, dawa anaweza kupumzika?

Hapana! Furaha haiui virusi. Dua msomee, kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, mnyweshe kama ndiyo imani yako, lakini kidonge kimezwe kila siku, saa ile ile.

Mwanangu ana miaka 9. Nimemwambia ni dawa za kifua. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Mtoto ana akili. Kifua hakimuumi mwaka wa tatu huu, dawa za nini? Vidonge vimeshaokotwa chini ya godoro na nyuma ya banda la kuku, na mama anaapa kwamba mtoto anameza. Dawa zikirukwa, virusi huongezeka na kuwa sugu, zile zilizokuwa zikisaidia hazisaidii tena. Halafu, mama, huyo anasoma skuli. Bango lililo ukutani kliniki anamokaa kila akija ameshalisoma. Huenda anajua, ila anakuonea huruma wewe.

Nikimwambia atavunjika moyo. Si bora nisubiri akue?

Usisubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unasema mtoto wa umri wa skuli, miaka 6 hadi 12, aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aelezwe kidogo kidogo. Wa miaka 6 mwambie kuna kidudu ndani ya damu yake, akimeza dawa kinalala, akiacha kinaamka. Akizidi kukua, mpe jina la kidudu. Atalia? Pengine. Atauliza kwa nini yeye? Atauliza. Kaa naye, mjibu. Niliowaona wamevunjika kweli ni wale waliosikia kwa jirani siku ya ugomvi.

Lakini atawatangazia wenzake.

Hofu hiyo siidharau, vijiji vyetu tunavijua. Ila siri na uongo ni vitu viwili. Mwambie hii ni siri ya nyumbani kwetu, si aibu yetu, kisha mtajie kwa majina watu anaoweza kuzungumza nao. Watoto hutunza siri kuliko wakubwa, nisameheni.

Ana miaka 14 na bado sijawa tayari.

Usisubiri. Nimeshasema, na kesho nitasema tena. Wa miaka 14 akigundua mwenyewe hukasirikia ule uongo kuliko ugonjwa, na hasira zake huzimalizia kwenye dawa. Tena kesho kutwa atapenda, ataposa au ataposwa. Atamlindaje mwenziwe kwa jambo asilolijua?

Msimu wa karafuu huenda shamba kwa bibi yake. Na mwezi wa Ramadhani?

Bibi aambiwe, na dawa zitoshe siku zote atakazokaa, na ziada. Ramadhani, anayemeza mara moja kwa siku anaweza kumeza baada ya futari. Anayemeza mara mbili aulize kliniki kwanza, asijipangie.

Nianzie wapi?

Kliniki ijayo usije peke yako kumchukulia dawa. Njoo naye, na ukifika usimwache barazani ukaingia wewe. Ingieni wote wawili. Ukishindwa sentensi ya kwanza, mshauri ataianza, wewe mshike mkono.