Sketi ya baleti inaanzia wapi: historia ya tutu kwa jicho la fundi

Ukitaka kujua kama sketi ya neti imeshonwa kwa ajili ya jukwaa au kwa ajili ya sherehe, usihangaike na urefu wake wala wingi wa marinda. Tazama inaanzia wapi. Gauni la sherehe huanzia kiunoni, na neti yote imevutwa kwenye mshono wa kiuno. Tutu, yaani sketi ya baleti, huanzia kwenye nyonga, chini ya mkanda mpana wa kitambaa kigumu, sentimita 8 hadi 12, uliokatwa kufuata umbo la mwili. Kwa sababu ya mkanda huo mchezaji anaweza kupinda mgongo, kuvuta pumzi na kuinua mguu juu kabisa bila sketi nzima kupanda naye. Mitindo ya mavazi imeazima mengi kutoka kwa baleti, lakini mkanda huo imeuacha karibu kila mara.

Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Baleti ilizaliwa kwenye majumba ya wafalme, na waliocheza walivaa kifalme. Mwaka 1653 Louis wa 14 wa Ufaransa, akiwa na miaka 14, alicheza nafasi ya jua katika Ballet de la Nuit, vazi likiwa limejaa dhahabu. Wanawake wa kwanza kucheza kwa kulipwa walipopanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, walivaa walichovaa mabibi wa zama zao: koseti, sketi nzito iliyofika chini na viatu vya visigino. Ndani ya nguo hizo mwanamke aliweza kutembea kwa madaha na kuzunguka polepole, basi. Miruko ilikuwa ya wanaume.

Aliyevunja hilo ni Marie Camargo, aliyeonekana Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1726. Alijua kuruka na kupishanisha miguu hewani, na ufundi huo hauna maana kama watu hawaoni vifundo vya miguu. Basi pindo likapanda juu ya kifundo, visigino vikaondoka. Mwenzake Marie Sallé alikwenda mbali zaidi: mwaka 1734, jijini London, alicheza Pygmalion akiwa na vazi jepesi la melimeli lililoanguka kama la masanamu ya Kigiriki, nywele zimeachiwa, bila fremu za kutanua nyonga. Magauni ya melimeli ya namna hiyo yalikuja kutawala Paris na London mwishoni mwa karne ile, kiasi cha miaka 60 baadaye. Huwa nawakumbusha hili wanaodhani jukwaa hufuata duka siku zote.

Kisha ikaja neti ya mashine. Zamani neti ilisukwa kwa mkono na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwingereza John Heathcoat alipopata hataza za mashine yake mwaka 1808 na 1809, ikawa kitambaa cha kukatwa kwa mita. Bila kitambaa chepesi na cha bei nafuu hakuna sketi ya safu nyingi. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide juu ya ncha za vidole akiwa amevaa vazi jeupe linalotajwa kuwa kazi ya mchoraji Eugène Lamy: kifua kimebana, mabega wazi, sketi ya umbo la kengele iliyoishia kati ya goti na kifundo. Umbo hilo halikuwa mbali na la mabibi waliokaa ukumbini usiku ule. Kilichobadilika ni uzito wa kitambaa na rangi moja tu nyeupe, na taa za gesi zilipopenya safu zile mchezaji alionekana kama ukungu.

Taa hizohizo ziliua. Kitambaa chembamba cha pamba, kilichotanuka, chenye hewa kati ya safu na safu, hushika moto kwa kasi ya ajabu. Mchezaji Clara Webster aliungua London mwaka 1844 na kufa. Ufaransa ilitoa amri mwaka 1859 kwamba mapambo na mavazi ya jukwaani yachovywe dawa ya kuzuia moto. Lakini dawa ilikigandisha kitambaa na kukitia umanjano, na Emma Livry, mchezaji wa Opera ya Paris, aliikataa. Tarehe 15 Novemba 1862 sketi yake ilishika moto akiwa mazoezini, na alikufa Julai 1863. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa Paris. Kwa fundi, kisa hiki bado kina uzito: ukinyunyiza dawa ya moto, jaribu kwanza kipande kidogo cha neti hiyohiyo, kiache kikauke kabisa, halafu kikunje. Kikiwa kigumu kama karatasi au kikibadilika rangi, tafuta dawa nyingine. Usiiache sketi bila kinga.

Sketi ilipanda juu ya goti katika miaka ya 1880, wachezaji wa Italia walipoleta mizunguko mingi na miguu yenye nguvu. Virginia Zucchi alicheza St Petersburg mwaka 1885 na sketi iliyowashtua wakubwa wa ukumbi kwa ufupi wake. Pierina Legnani alipozungusha mguu mara 32 mfululizo, watu walitaka kuona goti na paja vinafanya nini. Tutu bapa kama sahani, inayosimama mlalo, ni ya karne ya 20, na ndiyo ngumu kuliko zote kushona.

Inajengwa hivi. Shona kwanza chupi ya kitambaa cha pamba, iungane na mkanda wa nyonga. Juu ya chupi hiyo piga mistari, mmoja juu ya mwingine, ikiachana sentimita moja hadi moja na nusu. Hapo ndipo neti inakaa. Safu huwa 10 hadi 12, na neti yote ni kati ya mita 10 na 15. Mimi huanza chini, kwenye mzunguko wa paja, kwa safu yenye upana wa sentimita 4, nikipanda hadi ya juu yenye 38 au 40. Kila safu ni utepe wa mita kadhaa uliovutwa marinda hadi ulingane na nyonga. Safu za chini zinatumia neti ngumu kwa sababu ndizo zinazobeba. Mbili za juu ni laini, maana ndizo zinazoonekana. Kabla ya kukata, shika kona ya neti na kuinyoosha hewani kwa urefu, kisha kwa upana. Upande usioinama haraka ndio utoke nje kutoka mwilini. Ukikosea hapo, sketi itaning'inia kama mwavuli uliovunjika, na hakuna pasi itakayoiokoa.

Waya wa chuma bapa hupita ndani ya utepe ulioshonwa kwenye mojawapo ya safu za kati. Ukiuweka karibu mno na ukingo, mguso mdogo unaitikisa sketi nzima. Ukiuweka karibu mno na mwili, ukingo unalegea. Mwisho kabisa, geuza sketi na uzishikize safu pamoja kwa uzi, mishono mikubwa iliyolegea, ikizunguka duara baada ya duara. Kazi nyingi huharibikia hapa. Uzi ukikazwa, safu zinavutana na ukingo unaanguka. Ukilegea mno, safu zinaachana na kila moja inaruka kwa wakati wake.

Sehemu ya juu hukatwa vipande 8 au zaidi, na vya ubavuni hukatwa hanamu ili vitanuke mbavu zinapofunguka. Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv aliyeshonea New York City Ballet, alikuwa bingwa wa mkato huo. Kwa baleti ya Symphony in C, mwaka 1950, alitoa pia tutu fupi na laini isiyo na waya, kwa kuwa sahani nyingi jukwaa moja hugongana na kuyumba. Nyuma funga kwa kulabu na vitanzi, safu mbili za vitanzi, ili vazi moja liwatoshe wachezaji wawili wa miili tofauti. Zipu ikikwama dakika mbili kabla ya pazia kufunguliwa, utalazimika kumshonea mtu nguo mwilini. Na usipambe kiunoni: pale ndipo mchezaji mwenzake anapomshika, na vimetameta huchana viganja.

Mitindo na jukwaa vilipokutana, matokeo yalitofautiana. Rangi kali za Léon Bakst, mbunifu wa mavazi ya jukwaani, katika baleti ya Schéhérazade, 1910, ziliendana na suruali pana za mbunifu wa mitindo Paul Poiret zilizofuata mwaka uliofuata, ingawa Poiret alikana kumwiga. Mbunifu Chanel alivalisha baleti ya Le Train Bleu, 1924, kwa nguo za kuogelea za kufuma. Zilikuwa za kisasa kweli, lakini ufumaji hulegea, na wanaume walipata taabu kuwashika wenzao. Christian Dior alijua mipaka yake vizuri zaidi. Magauni yake ya 1947, kifua kimebana na sketi imetanuka, yalikuwa na sura ya baleti, ila sketi ilianzia kiunoni, kwa sababu ilikusudiwa kukaa mezani na kupanda gari.

Viatu vilivuka kwa njia nyepesi zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viatu viligawiwa kwa mgao Marekani, viatu vya kucheza vikaachwa nje ya mgao. Mbunifu wa mitindo Claire McCardell akaiomba Capezio, kampuni ya viatu vya kucheza, iweke soli ya kutembelea. Mwaka 1956 Rose Repetto, mtengenezaji wa viatu vya baleti, alimtengenezea mwigizaji Brigitte Bardot viatu bapa vinavyouzwa hadi leo.

Jambo moja ambalo mitindo na baleti vilikosea pamoja ni rangi "ya mwili". Soksi ndefu za waridi zilikusudiwa kuurefusha mguu wa mtu mweupe. Kwenye mguu mweusi zinaukata katikati. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la New York, ilianza kulinganisha soksi na viatu na ngozi ya kila mchezaji mwaka 1974. Viatu vya pointi, yaani vya kuchezea juu ya ncha za vidole, vya rangi ya kahawia kutoka kwa watengenezaji Freed of London vilingoja hadi 2018. Ukimshonea mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam, tia rangi kamba za mabegani na neti ya kifuani pia. Nailoni hupokea rangi ya asidi kwenye maji ya moto yenye siki. Poliesta haipokei, hivyo uliza kitambaa ni cha nini kabla ya kulipa. Kausha kipande cha majaribio, kiweke juu ya mkono wa mchezaji mwenyewe, na ukitazame chini ya taa za ukumbi, kwa sababu kahawia nyingi hugeuka nyekundu chini ya taa ya manjano.