Tiba ya Muziki: Yajue Haya Kabla Hujatoa Pesa

Malalamiko kuhusu "tiba ya sauti" yanazidi kutufikia, na mengi yana sura moja. Mtu amefiwa, ameachika au anaishi na sonona ya muda mrefu. Mtandaoni anakutana na anayeuza rekodi za "kuponya moyo", analipa, anasikiliza kila usiku, hali inabaki vilevile. Wapo pia walioacha dawa kwa kuwa muuzaji aliwaambia zinagongana na mawimbi ya sauti. Hazigongani. Kama umeacha dawa za sonona kwa sababu hiyo, wasiliana leo na aliyekuandikia, kisha ndipo urudi kusoma.

Kusikiliza muziki ukatulia ni jambo jema, wala halihitaji ruhusa ya mtu. Ila tiba ya muziki ni huduma ya afya. Mtaalamu aliyesomea kazi hiyo anamfanyia mgonjwa tathmini, wanakubaliana lengo, wanatumia muziki kulifikia, na kila kikao kinaandikwa kwenye jalada. Pasipo mtu huyo na lengo hilo, muziki ni burudani, hata ukikutoa machozi.

Swali tunaloulizwa mno ni kama mgonjwa lazima ajue kuimba au kupiga ala. Hapana. Tumeshalijibu mara nyingi na tutaendelea kulijibu: hapana.

Mtu mwenye sonona nzito, ukimuuliza anajisikiaje, atakujibu "nipo tu". Mtaalamu mzuri hambembelezi aongee. Anamsogezea ngoma ndogo, mwenyewe anakaa kwenye kinanda. Mgonjwa anagusa ngozi ya ngoma kwa ncha za vidole, ananyamaza, anagusa tena. Mtaalamu anafuatisha kila pigo kwa noti moja ya chini, kwa unyonge uleule, bila kumharakisha. Pigo likiwahi, noti nayo inawahi. Mgonjwa akinyamaza, na kinanda kinanyamaza. Mtu aliyekwisha kuzoea kutosikilizwa anagundua kwamba anajibiwa, naye anaanza kujibu: anapiga kwa kiganja badala ya vidole, anajaribu mdundo, anauvunja, anaurudia. Maneno huja baadaye, pengine vikao kadhaa mbele: "Pale nilipopiga kwa nguvu, nilikuwa namfikiria kaka." Hapo kazi ya mazungumzo inaanza, na imepata pa kuanzia.

Kanuni ya kumwanzia mgonjwa pale alipo, kisha kumsogeza taratibu, si ya jana. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Ira Altshuler, aliieleza katika miaka ya 1940. Ndiyo maana kumfungulia mwenye majonzi nyimbo za shangwe "ili achangamke" mara nyingi humkera tu. Ndugu mnafanya hivyo kwa upendo, tunajua, lakini mnamwambia bila kusema kwamba huzuni yake inawachosha.

Upande wa mwili nao una ushahidi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba muziki unaomsisimua mtu hadi mwili kumsisimka huufanya ubongo kutoa dopamini, kemikali inayohusika na raha na matarajio, na kwamba utoaji huo huanza hata kabla kile kipande kinachosubiriwa hakijafika. Wanaosambaza habari hii huishia kwenye neno dopamini. Wanaruka jambo kubwa zaidi: muziki ule washiriki waliuchagua wenyewe. Hakuna wimbo mmoja unaomponya kila mtu, na anayedai kuuza wimbo huo anauza kisichokuwepo.

Kwa hiyo tulimalize na hili la muziki wa hezi 432 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde). Kinachosimuliwa ni kwamba masafa hayo ndiyo "ya asili" na kwamba kiwango cha hezi 440 kiliwekwa ili kuvuruga akili za watu. Ukweli hauna msisimko huo: vipimo vya kulinganishia ala vilitofautiana kwa muda mrefu kutoka mji hadi mji, na 440 ni makubaliano tu, yaliyowekwa kwenye kiwango cha kimataifa ili wapiga ala waweze kupiga pamoja. Habari kwamba muziki wa Mozart huwaongezea watoto wachanga akili ni ya ukoo huohuo. Utafiti wa mwaka 1993 ulihusu wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, na nafuu waliyoipata katika mtihani mmoja wa kufikiri kwa maumbo ilidumu kama dakika 10 hadi 15. Mtoto mchanga hakuwemo.

Ushahidi wa tiba yenyewe ni wa wastani, na hilo si aibu. Mapitio ya mwaka 2017 kuhusu sonona ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 9 zenye washiriki 421. Yalionyesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida, dalili za sonona na wasiwasi hupungua zaidi, kwa muda mfupi, kuliko matibabu ya kawaida peke yake. Ikiongezwa, si ikichukua nafasi yake. Hayakuthibitisha kwamba inaishinda tiba ya mazungumzo. Kuna matumizi mengine, kama kuwasaidia waliopoteza usemi baada ya kiharusi au wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, wanaofunzwa kutembea kwa kufuata mdundo, lakini hayo yana makala yake.

Madhara yapo. Wimbo uliopigwa wakati wa tukio la kutisha unaweza kumrudisha mtu kwenye tukio hilo mzimamzima, na kama yuko peke yake chumbani na vipokea sauti masikioni, hakuna wa kumshika mkono. Kuna pia mtu anayerudia nyimbo za huzuni usiku kucha akidhani anajiliwaza, kumbe anachimba shimo lilelile. Wachache sana wana kifafa kinachochochewa na muziki. Na usiongeze sauti ukidhani unaongeza dawa: Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4.

Sasa sifa za mtoa huduma. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na penye shaka uulize mamlaka ya afya ya nchi yako. Marekani, pamoja na shahada, mafunzo ya vitendo hayapungui saa 1,200, kisha mtihani wa bodi. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5. Uingereza jina la kazi hii linalindwa kisheria. Kujiita mtaalamu wa tiba ya muziki bila kuwemo kwenye rejista ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa fani kadhaa za afya, ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini. Usajili huhuishwa kila miaka 2. Aliyesajiliwa akikiuka maadili, jopo linaweza kumpa onyo linaloonekana kwenye rejista kwa mwaka 1 hadi 5, kumwekea masharti ya utendaji yasiyozidi miaka 3, kumsimamisha kwa muda usiozidi mwaka 1, au kumfuta, na aliyefutwa haombi kurudishwa kabla ya miaka 5 kupita. Cheti cha warsha ya mwisho wa wiki hakimo kwenye mlolongo huu, hata kiwe na muhuri wa dhahabu.

Kabla ya kikao cha kwanza, uliza mambo haya na usubiri majibu: umesajiliwa wapi na kwa namba gani, nani anakusimamia kitaaluma, kumbukumbu zangu zitatunzwaje, na je, vikao vitarekodiwa? Kurekodi kunahitaji ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote. Mtaalamu halisi hakasiriki kwa maswali haya. Pia hatakuahidi kupona kwa idadi fulani ya vikao, wala hatakugusia kuacha dawa.

Ukitaka kulalamika, andika jina la mtoa huduma kama alivyojitambulisha, tarehe za vikao, ulichoahidiwa na ulichopewa. Ambatisha risiti, ujumbe wa simu na tangazo lenyewe. Lipige picha mapema, kwa maana matangazo haya hufutwa uchunguzi ukianza. Malalamiko yasiyo na jina huwa tunayasoma, lakini ni vigumu kumwita mtu ajibu tuhuma za asiyejulikana. Na kama shida yako ni kwamba hukupenda nyimbo alizochagua mtaalamu, hilo si kosa la kinidhamu: mwambie mwenyewe kwenye kikao kijacho, kuzibadilisha ni sehemu ya kazi yake.