Mimea ya terariamu huanza kufa chini

Mmea ukinyauka ndani ya terariamu, yaani sanduku la kioo la kukuzia mimea na kufugia wanyama wadogo kama vyura na mijusi, wengi hukimbilia chupa ya kunyunyizia maji, na mara nyingi hiyo ndiyo huumaliza. Ndani ya kioo maji hayana pa kutokea. Yakijaza nafasi za hewa kwenye udongo, mizizi hukosa oksijeni na kuoza, kisha mmea hunyauka kwa kiu huku umesimama majini. Uchomoe uangalie: mzizi mzima ni mweupe na imara, uliooza ni wa kahawia, unateleza na unanuka.

Kinga hujengwa kabla ya kupanda. Tandaza sentimita 4 hivi za changarawe au vigololi vya udongo wa kuchoma, juu yake wavu laini wa plastiki, halafu udongo wa sentimita 8 hadi 10. Bila wavu, udongo hushuka polepole na kuziba changarawe yote. Udongo wa bustani haufai kwa terariamu yenye unyevu, kwani hushikamana. Changanya sehemu 4 za makumbi ya nazi yaliyosagwa, 2 za magome ya mti yaliyokatwakatwa na 1 ya mkaa wa kuni uliopondwa. Kwenye kona simamisha bomba jembamba lifike chini. Maji yakikaribia wavu, yanyonye kwa kupitia humo.

Chura wa msituni anataka hewa yenye unyevu. Mizizi haitaki tope. Kwa hiyo nyunyiza majani kila siku kwa ukungu mwepesi, lakini udongo umwagilie pale tu unapochovya kidole sentimita 2 na kukuta pakavu. Maji ya mvua safi ndiyo bora. Ya bomba huacha madoa ya chokaa kwenye majani, na klorini yake haiwafai vyura.

Taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno, ni ya mjusi, usitegemee ikuze mmea. Ongeza LED nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa saa 12 kwa siku. Shina likirefuka na majani kuachana mbali, mwanga hautoshi. Majani yakikauka upande mmoja tu, balbu ya joto iko karibu mno.

Mmea mpya usiuingize na udongo wake wa dukani, hata kama unaonekana mzuri. Osha mizizi, toa chembe zote za mbolea, suuza majani, uuweke kando wiki kadhaa. Ngozi ya chura hufyonza mbolea na dawa ya wadudu moja kwa moja. Pothosi, mmea wa kutambaa, huvumilia karibu kila kosa, ila ina oksalati, kemikali inayowasha mdomo: usimpandie iguana, mjusi mkubwa mla majani, kwani ataila. Yeye mpe hibiskasi isiyopigwa dawa.

Ukungu mweupe juu ya magogo mapya ni kawaida wiki za mwanzo. Weka humo kolembola, vijidudu vidogo vinavyoula, na ufungue matundu ya hewa zaidi.