Kuhama Kazi Wakati wa Kutafuta Mtoto
Hapa Tabora wanawake wengi huambiwa kwamba mwenye kutafuta mtoto asithubutu kuhama kazi, kwa kuwa atapoteza likizo ya uzazi. Na wapo wanaovumilia kazi inayowachosha kwa sababu ya neno hilo tu, jambo linalosikitisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Inamtaka mwajiriwa atimize miezi 6 kazini ndipo apate likizo yenye malipo, ambayo ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa kuwa mimba huchukua takribani miezi 9, mwalimu wa shule binafsi anayehamia kampuni ya tumbaku kabla ya kushika mimba kwa kawaida atakuwa ameuvuka muda huo atakapojifungua.

Tahadhari ya kweli iko kwingine. Katika miezi hiyo 6 ya mwanzo kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki ni hafifu, ingawa ubaguzi kwa sababu ya ujauzito umekatazwa hata kwa mwombaji wa kazi. Anayeacha ajira ili afungue duka lake, huyo ndiye asiye na mwajiri wa kumlipa likizo, na ndiye anayepaswa kuweka akiba kwanza.